Kahawa kali ya barafu Kericho: Siri ni hesabu, si mashine

Ukitaka kuchekwa Kericho, ingia kibanda cha chai saa saba mchana mwezi wa Februari, mabati yakilia kwa jua, kisha uulize kama kuna kahawa ya barafu. Mwenye kibanda atakuangalia kutoka kichwani hadi viatuni. Halafu atakuletea chai ya maziwa, moto wa kuunguza ulimi, kikombe kimejaa pomoni.

Siwalaumu. Katika nchi ya majani chai barafu haijawahi kuwa rafiki. Barafu tunayoijua sisi ni ile ya mvua ya mawe, inayopiga shamba kwa dakika chache na kuacha vichipukizi vimechanika, na mkulima akae siku nyingi akingoja majani mengine. Mtu aliyeyaona hayo utamwambiaje alipe pesa ndipo awekewe barafu kwenye kikombe?

Lakini wasee, joto nalo halibembelezi. Januari, Februari, hadi mvua za Machi zikubali kushuka, jua la huku si mchezo. Sisi wa Kericho mjini tuko juu, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, kwa hivyo tunapata afueni jioni. Teremka Fort Ternan, au vuka uende Chepalungu upande wa Bomet, ndipo utajua hujui. Na kuna kizazi chetu, waliokaa Nairobi kidogo kama mimi kabla sijaachana na chuo, ambao tayari walionja ile kahawa ya gilasi ndefu na hawajaisahau.

Shida yake ni bei. Mara ya mwisho nililipa zaidi ya mia nne jijini, kwa gilasi moja, katika mkahawa ambao sitautaja. Robo ya kwanza ilikuwa tamu. Nilipofika katikati nilikuwa nakunywa maji yenye rangi ya mto Nyando wakati wa mafuriko.

Hapo ndipo mambo yote yalipo. Kahawa ile haikuwa mbaya, ila aliyeipika alisahau kwamba barafu ni maji. Alitengeneza kahawa ya kawaida, ya kunywewa moto, kisha akaijaza vipande vya barafu. Ikiyeyuka, una kahawa na maji nusu kwa nusu. Kwa hivyo kahawa ya barafu ikiwa kali, haikuwa kali kwa sababu ya mashine ya laki tatu. Ilikuwa kali kwa sababu mtu alihesabu barafu kama sehemu ya maji kabla ya kuwasha moto. Ukishalielewa hilo, unaweza kuipika kwenye keja yako ya Kapsoit ukitumia chujio la chai.

Sasa, kahawa yenyewe utaitoa wapi? Hapa ndipo watu hushangaa. Ukitoka Kericho mjini, chai pande zote kama zulia, uelekee Kipkelion, mandhari yanabadilika. Majani chai yanapungua na unaanza kuona mikahawa, yenye majani ya kijani yanayong'aa, na matunda mekundu msimu ukifika. Kaunti ya Kericho ina kahawa, na si kidogo. Wakulima wa Kipkelion wana vyama vya ushirika, na muungano wao una kinu chao cha kukoboa. Aina wanazopanda ni zile zile unazosikia wajuaji wa Nairobi wakizitaja kwa sauti ya pua: SL28, Ruiru 11 iliyotolewa mwaka 1985, na Batian iliyokuja 2010.

Ila sasa mwulize mkulima wa huko kama ameionja. Zaidi ya asilimia 90 ya kahawa ya Kenya huuzwa nje. Na kuna historia nyuma ya hilo. Wamishenari wa Kifaransa waliileta Bura, Taita, mwaka 1893, kisha ikawa zao la walowezi. Katika sehemu nyingi za nchi, Mwafrika alizuiwa kuipanda. Ni miaka ya 1930 ndipo serikali ya kikoloni ilipoanza kulegeza, tena kidogo kidogo, kuanzia sehemu kama Kisii, Meru na Embu. Kitu kinapoingia nchini namna hiyo, hakiingii jikoni. Kinaingia sokoni na kuondoka. Waswahili wa Pwani ndio pekee niliowaona wakiinywa kama yao, kahawa chungu kwenye vikombe vidogo, mwuzaji akitembea na dele lake na kugonganisha vikombe ili umsikie. Hiyo ni kahawa kali kweli, lakini ni moto.

Mjomba wangu ana mikahawa upande wa Kipkelion, kama mia tatu hivi. Amechuma matunda tangu kabla sijazaliwa, akapeleka kiwandani, yakamenywa, yakalowekwa, yakaoshwa na kuanikwa mezani, akangoja malipo. Nilipomwuliza mwaka juzi kahawa yake ina ladha gani, alijibu: "Ya nini? Mimi hunywa chai." Wakati huo alikuwa amekwisha ahidi kung'oa nusu ya shamba apande parachichi.

Nilimwomba mbuni, yaani yale matunda yaliyokaukia na maganda yake, ambayo kila mkulima huwa nayo kidogo pembeni. Tulitwanga kwenye kinu, tukapepeta, tukabaki na punje za kijani kama njegere zilizokauka. Kisha kikaango kizito juu ya jiko la makaa, na mwiko usiopumzika hata sekunde moja. Zinageuka manjano na kunuka kama nyasi kavu, halafu kahawia, halafu unasikia zikipasuka kama bisi. Mpasuko huo ukianza kutulia, ngoja dakika moja hivi kisha mwaga kwenye ungo na uzipepee zipoe haraka. Ukizidisha hapo, umepika makaa. Ziache zikae siku moja au mbili kabla ya kusaga, kwa kuwa kahawa iliyotoka motoni bado inatoa gesi na haitoi ladha yake yote.

Kama huna mjomba mwenye mikahawa, pole, nenda supamaketi. Pakiti ya Kenya iliyosagwa, gramu 250, mimi huipata kwa takriban shilingi mia tano. Angalia tarehe ya kukaangwa ikiwa imeandikwa, na uchague iliyosagwa kwa chembechembe kubwa ukiweza. Ile ya unga wa kuyeyuka papo hapo tutaifikia, usinune.

Njia ninayoipenda zaidi haihitaji moto kabisa. Ni kuloweka. Chukua gramu 100 za kahawa, kama huna mizani ni karibu vijiko 16 vikubwa visivyo na mlima, uzitie kwenye chupa kubwa ya kioo au mtungi wenye kifuniko. Ongeza mililita 600 za maji uliyoyachemsha yakapoa. Koroga hadi kahawa yote ilowe, funika, ondoka. Ikiwekwa saa tatu usiku, itakuwa tayari saa tano asubuhi; saa 14 hivi zinatosha, na hata ukichelewa hadi 16 hakuna atakayekufa. Chuja kwanza kwa chujio la chai, halafu kwa kitambaa safi cha pamba kilichochemshwa, bila kukikamua kwa nguvu, la sivyo utapata tope. Utabaki na kama mililita 400, sababu kahawa yenyewe hunyonya maji mara mbili ya uzito wake.

Hiyo usiinywe hivyo. Huo ni uzito wa kuchanganya. Mililita 100 zake, mililita 100 za maziwa baridi au maji, halafu barafu. Umeona hesabu? Barafu ikiyeyuka, inaikuta kahawa ikiwa na nguvu ya kuipokea. Maji baridi pia hayatoi uchungu wote ulio kwenye kahawa, kwa hivyo inakuwa nzito lakini laini, na hata asiyependa kahawa huimaliza. Pakiti moja ya mia tano inatoa gilasi kumi. Shilingi hamsini gilasi, jumlisha maziwa. Sasa kumbuka ile ya mia nne.

Njia ya pili ni ya mtu asiye na subira, na nakiri ndiyo inayoleta harufu nzuri kuliko zote. Hapa kahawa inapikwa moto na kuangukia barafu moja kwa moja. Weka gramu 150 za barafu kwenye jagi, kama vipande sita au saba vya trei ya kawaida. Juu ya jagi weka chujio lenye kitambaa, ndani yake gramu 30 za kahawa iliyosagwa laini kidogo. Mimina mililita 250 za maji ya moto polepole: kwanza kidogo tu ya kulowesha, ngoja nusu dakika, kisha yaliyobaki kwa mizunguko. Kahawa inadondoka juu ya barafu na kupoa hapo hapo, na ile harufu ambayo ingepotea hewani inabaki kwenye kinywaji. Barafu yote itayeyuka, na inatakiwa iyeyuke, maana ulishaihesabu. Ule ukali wa kahawa ya Kenya, kama wa tunda lililokaribia kuiva, unausikia hapa kuliko kwenye ya kulowekwa.

Na kuna jambo ambalo watu wa milimani tunalo bila kujua. Vitabu vya kahawa husema maji yawe na nyuzi kati ya 90 na 96, kwa hivyo watu wa Mombasa huambiwa wachemshe kisha wangoje. Kericho, kwa sababu ya mwinuko, maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi. Yaani yakitokota tu, mimina. Mungu ametupimia.

Najua swali linalokuja. Barafu ya nani, na keja haina friji? Stima zenyewe zinaenda zikirudi. Mimi nina mpango na mama wa ATM ya maziwa hapa mtaani. Ana friza, na nikimpelekea maji yaliyochemshwa kwenye karatasi ndogo za nailoni, anayaweka pembeni usiku kucha kwa shilingi ishirini. Tafuta mtu kama huyo, iwe ni bucha au duka la soda, lakini kwenye bucha funga mara mbili, tafadhali. Na maji ya barafu yachemshwe kama ya kunywa. Kugandisha hakuui vijidudu vya kuharisha, huvilaza tu.

Ukikosa friza kabisa, tumia usiku. Usiku wa huku ni baridi hata mwezi wa Februari. Chupa ya kahawa ya kulowekwa iweke ndani ya karai la maji, uivishe kitambaa kinyevu kinachogusa maji hayo, karibu na dirisha linalopitisha upepo. Maji yakikauka kwenye kitambaa yanaondoka na joto. Ni akili ile ile ya mtungi wa udongo. Asubuhi haitakuwa barafu, lakini itakuwa baridi ya kukufanya ufumbe jicho moja, na kwa sababu hutaongeza barafu, punguza kahawa: mililita 70 badala ya 100.

Mwenye friza yake namwonea wivu, na ninampa kazi moja. Gandisha kahawa yenyewe kwenye trei. Vipande hivyo vikiyeyuka, kahawa haipungui nguvu, inazidi.

Sukari usiitie kwenye kinywaji baridi. Itazama chini ikae pale kama mchanga wa Ziwa Victoria. Yeyusha kikombe cha sukari kwenye kikombe cha maji ya moto, ipoe, uiweke kwenye chupa. Hiyo ndiyo utakayomimina. Asali pia inakubali ukiilainisha kwa maji ya moto kidogo. Maziwa tunayo mengi, ila yale ya kutoka kwa ng'ombe wa jirani yachemshwe kwanza, yapoe, uondoe utando wa juu. Homa ya maziwa mabichi siyo hadithi ya kutishia watoto. Na kabla hujauliza, ndiyo, kuna mtu alijaribu kuchanganya na mursik. Ni rafiki yangu. Hatuizungumzii.

Ukiangalia gilasi hiyo vizuri, yote imetoka karibu. Kahawa Kipkelion. Sukari ni ya bonde lililo chini yake, Muhoroni na Chemelil. Maziwa Sotik. Vyote viko mbali na wewe kwa matatu moja au mbili, na bado tunaambiwa kahawa ya barafu ni kitu cha watu wa Westlands.

Tena kuna hili linalonichekesha. Pale Saosa, nje kidogo ya mji wa Kericho, kuna kiwanda cha kampuni ya Finlays kinachochukua majani chai na kuyatoa kama unga na maji mazito ya kutengenezea chai baridi za nje. Finlays hao hao walinunua mwaka 2014 kampuni ya Marekani inayoitwa Autocrat, ya jimbo la Rhode Island, inayojulikana kwa sharubati ya kahawa. Watu wa Rhode Island huitia kwenye maziwa baridi na kuinywa, na tangu 1993 hicho ndicho kinywaji rasmi cha jimbo lao. Kwa hivyo jina lililoandikwa kwenye mashamba tuliyokulia limekuwa likiuza kahawa baridi ughaibuni, huku sisi tukichekwa kibandani.

Sasa ya unga wa kuyeyuka. Wengi ndiyo waliyo nayo, na ile kahawa ya povu iliyosambaa mitandaoni 2020 watu wakiwa wamefungiwa nyumbani iliifundisha dunia kwamba inaweza kutumika. Vijiko viwili vidogo, maji ya moto vijiko vitatu vikubwa, koroga hadi iwe uji mweusi, kisha maziwa baridi na barafu. Inafanya kazi. Haina harufu ya maana, lakini inafanya kazi.

Na ukiwa ndani kabisa Bomet, Mogogosiek huko, ambako kahawa ni kitu cha kuagiza, usikae ukilia. Majani chai yaleyale yana njia yao. Hesabu haibadilika: majani mara mbili ya kawaida, maji nusu, dakika nne, chuja juu ya barafu. Itaweza kugeuka kuwa na ukungu ikipoa. Siyo uchafu, ni kafeini na vile vitu vinavyokaza ulimi vikishikana kwenye baridi. Ukiiacha ipoe polepole kabla ya kuitia barafu, ukungu unapungua. Ukibahatika kupata chai ya zambarau, ile aina ya TRFK 306/1 iliyotolewa na watafiti wa Kericho mwaka 2011, ikamulie ndimu. Inageuka rangi mbele ya macho yako, kuelekea waridi. Piga video.

Neno moja kuhusu nguvu. Gilasi yenye gramu 25 za kahawa si ya mchezo. Kafeini yake inaweza kufika miligramu 200, na mtu mzima mwenye afya hushauriwa asipite 400 kwa siku. Mjamzito asipite 200. Kwa hivyo gilasi moja, mbili ukiwa na kazi, na uache kabla ya saa tisa alasiri kama una mpango wa kulala.

Mjomba alikuja mjini mwezi wa pili kununua dawa ya kupulizia mikahawa. Nilimpa gilasi ya ile ya kulowekwa, maziwa kidogo, sukari ya maji vijiko viwili. Alinusa. Akanywa nusu bila kusema kitu, akashika gilasi dhidi ya mwanga wa dirisha kama anayekagua pesa bandia. "Hii ni yangu?" akauliza. Nikamwambia ni yako, mjomba. Alimaliza, akaitafuna barafu, akaniuliza ile ya mia nne huuzwa mtaa gani.

Mikahawa bado hajaing'oa. Sijidai ni kwa sababu ya gilasi yangu. Bei ya arabika iliyovunja rekodi New York Februari 2025 ilimsemesha vizuri zaidi. Ila siku hizi akipika ugali wa jioni huacha kikaango kikavu pembeni, na majuzi alinipigia simu kuuliza zinapasuka mara ngapi kabla ya kuepua.

Ya kulowekwa ikiwa bado haijatiwa maziwa hukaa kwenye friji wiki moja bila neno. Ikishatiwa maziwa, imalize siku hiyo hiyo. Masalio ya kahawa yamwage kwenye shina la sukuma wiki. Na chupa yako iandike jina kwa kalamu nene, hasa kama unaishi na kogo. Yangu ya mwisho aliimwaga yote kwenye shina hilo hilo, akijua ni maji ya kuoshea sufuria iliyoungua, kisha akanipikia chai ya kunipooza.